Mdogo wangu, huyo mtu wa ndani usimsubiri

Wadogo zangu, leo sogeeni karibu, hasa ninyi mnaofanya biashara huku kwetu Kanda ya Ziwa: wa Mwanza, Geita, Kahama, Musoma, Bukoba. Ninyi wenye karakana za kushona sare, wenye kampuni ndogo za usafi, wapishi wa shughuli, wenye gari mbili tatu za kukodisha, mafundi wa kuchomelea, makandarasi wa daraja la saba ambao cheti kimetundikwa ukutani kikisubiri kazi. Katika ujumbe mnaoniletea kuna sentensi moja inayojirudia kuliko zote: "Dada, zabuni ninaziona, lakini sina mtu ndani."

Sentensi hiyo inaniuma, kwa sababu anayeiandika mara nyingi ni mtu hodari. Mashine anazo, mafundi anao, bei yake inaeleweka, na bado amekaa anamngoja mkubwa mmoja ambaye hata sura yake haijui. Kazi nyingi zinazoifaa biashara ya ukubwa wenu haziletwi na mkubwa. Zinaletwa na watu wa kiasi chenu, kumi au ishirini hivi, waliokwisha kuwaona mkifanya kazi na wako tayari kulitaja jina lenu mbele ya wengine bila hofu ya kuja kuaibika. Hao ndio wa kuwatafuta, na wengi wao wapo umbali wa nauli ya daladala.

Tuanze na serikali, maana huko ndiko imani ya mtu wa ndani ilikoota mizizi. Tangu Oktoba 2023 taasisi za umma Tanzania zimehamia kwenye mfumo wa zabuni wa mtandaoni wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Tangazo linawekwa humo na maombi yanatumwa humo humo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo inataka asilimia 30 ya ununuzi itengewe makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sisemi kwamba mfumo umefuta upendeleo wote, ninyi ni watu wazima na mnaona mambo yanavyokwenda. Ninachosema ni kwamba maombi mengi ya wadogo huanguka kabla hayajamfikia mtu wa kuyapenda au kuyachukia. Yanaanguka kwa sababu cheti cha kodi kimepitwa na wakati, leseni ni ya shughuli nyingine, hakuna barua inayothibitisha kazi yoyote iliyofanyika nyuma, au fedha ya kununulia mzigo haipo. Mapengo hayo mtu wa ndani hawezi kuyaziba. Anayeyaziba ni mhasibu wa mtaani kwenu anayekukumbusha ritani kabla tarehe haijapita, mwenye duka la jumla anayekubali kukukopesha vitambaa hadi ulipwe, mwenzio mwenye mashine usiyo nayo, na mteja wa mwaka juzi aliyekuandikia barua yenye muhuri. Huo ndio mtandao, na kila mmoja humo anatafutwa kwa namna yake.

Mlio kwenye vikundi vya wanawake au vijana, mlango wenu wa kwanza ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Huko ndiko inakopita mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ile iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Nendeni mkafahamike siku ambayo hamna shida yoyote. Mwalikeni afisa aje aone mnavyochanganya sabuni, mnavyopanga hesabu, mnavyogawana zamu. Siku akiulizwa ni kikundi gani kinachoweza kufanya usafi wa kituo cha afya, atataja kile alichokiona kwa macho yake.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo najua baadhi yenu mtanikunjia uso. Mtu wa kwanza kumtafuta ni mshindani wako.

Chukua karakana ya kushona yenye vyerehani vinne pale Buzuruga, Mwanza. Mwenyewe anasikia kwamba mkandarasi mmoja wa mgodini anataka ovaroli 800 zenye mikanda inayong'aa usiku, na amepewa wiki tatu. Tuseme fundi mmoja anamaliza ovaroli sita kwa siku. Vyerehani vinne kwa siku kumi na nane za kazi vinatoa ovaroli 432. Hapo mwenye karakana ana njia mbili mbaya: aiache kazi, au aseme ataiweza, kisha siku ya mwisho apeleke nusu na maelezo marefu, na mkandarasi asimpigie simu tena. Lakini Igoma yupo mwenzake mwenye vyerehani vitatu, na Nyegezi yupo mwingine mwenye vitatu. Vyerehani kumi kwa siku zile zile vinatoa ovaroli 1,080. Hata umeme ukikatika siku mbili, hata fundi mmoja akiugua, kazi inafika kwa wakati. Watu hawa watatu wamekuwa wakinyang'anyana sare za shule moja moja mwaka hadi mwaka, kila mmoja akishusha bei kumkomoa mwenzake, huku ile kazi kubwa ikichukuliwa na kampuni ya Dar es Salaam ambayo pengine nayo inakuja kuwatafuta mafundi hao hao kwa ujira wa chini.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu naliona kila mahali. Tunashindana kwa makombo, na sahani inapita.

Lakini mshindani humwendei asubuhi moja na kumwambia tufanye ubia. Hatakuamini, na ana haki. Mwanzo mzuri ni kumpa kazi. Umepata oda iliyokuzidi, hata kama ni ya mapazia ishirini tu, mpelekee nusu yake. Mlipe siku uliyosema utamlipa. Mteja akija anataka kitu usichokifanya, mwelekeze kwake na umpigie simu kumwambia anakuja mtu. Halafu mwangalie anavyokwenda: analeta kazi safi? Anamheshimu mteja wako au anamnong'oneza aje kwake moja kwa moja kwa bei nafuu? Baada ya kazi ndogo kadhaa utajua kama huyu ni mtu wa kusaini naye karatasi.

Na karatasi lazima iwepo, hata mkiwa mashoga wa kusaidiana mchele. Nani kiongozi wa ubia na anayezungumza na mteja? Nani ananunua kitambaa, na risiti ya EFD inatoka kwa jina la nani? Nani anakata, maana mikono mitatu ikikata hutapata saizi zinazofanana? Ovaroli zikirudishwa kwa kasoro, hasara ni ya aliyeshona au ya wote? Fedha ikiingia inagawanywa ndani ya siku ngapi? Katika zabuni za umma kuna jambo jingine zito: wabia hubeba dhamana ya kazi nzima, kila mmoja kwa nafsi yake na wote kwa pamoja, kwa hiyo mwenzako akikimbia katikati, mteja anakugeukia wewe kwa kazi yote. Kabla ya kusaini omba kuona vyeti vyake vya kodi, naye muoneshe vyako. Akikasirika kwa ombi hilo, shukuru umelijua mapema.

Makandarasi, kwenu hili lina uzito wa pekee kwa sababu madaraja yanawabana, na wengi hukwama kwenye dhamana kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina mfuko unaowasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana ya zabuni na dhamana ya malipo ya awali. Anayewajua wenzake kwenye chama cha makandarasi hulisikia hilo mapema na kuelekezwa namna ya kuomba. Anayekaa peke yake anakuja kulisikia tarehe ya mwisho imekwisha pita.

Jambo jingine ni kujifunza njia inayopitia shilingi. Huku kwetu watu wakisema kazi za mgodini wanafikiria lango kubwa la mgodi, walinzi na mzungu mwenye kofia ngumu. Wanakwenda pale langoni na bahasha, bahasha inapokelewa, basi. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zinawataka wenye leseni kutoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania, na kuwasilisha mpango wao kwa Tume ya Madini. Kwa hiyo kitengo cha ununuzi cha mgodi kina wajibu wa kuwatafuta wauzaji wa ndani, na unapojisajili kwao unawasaidia kutimiza wajibu huo. Ingia umenyooka mgongo, hukwenda kuomba msaada.

Hata hivyo mnunuzi wako halisi huenda hayupo kwenye ofisi hiyo. Chakula cha wafanyakazi mara nyingi hutolewa na kampuni ya upishi yenye mkataba na mgodi, na hiyo ndiyo inayonunua nyanya, mayai na nyama. Mabasi ya wafanyakazi ni ya kampuni nyingine, inayohitaji fundi wa viti, mwosha magari, mshona mapazia. Ndivyo ilivyo hata kwenye ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341: wakandarasi wakuu ni kampuni za Kichina, na chini yao kuna safu ya wanaoleta kokoto, maji, chakula, malazi, vibarua. Biashara yako ina nafasi kwenye safu ya pili au ya tatu, na safu hiyo haitangazwi gazetini. Ukipita barabarani ukaona bango la mradi, simama ulisome: lina jina la mteja, la mkandarasi na la mhandisi mshauri. Piga picha. Kisha tafuta ofisi yao ya muda, ambayo kwa kawaida ni kontena lenye kiyoyozi, na uulize kwa adabu ni nani anayeshughulika na manunuzi ya kila siku.

Pale kwenye kontena utakutana na watu ambao wenye haraka huwaruka. Mtunza stoo. Mhasibu msaidizi. Dereva. Katibu muhtasi. Mama anayewapikia chai. Wasalimie ipasavyo, aliye mkubwa mpe shikamoo yake, na wajue kwa majina. Siwafundishi kujipendekeza. Nawakumbusha kwamba watu hawa ndio wanaopokea mzigo wako na kuishi nao. Mtunza stoo ndiye anayejua kwamba glavu zilizoletwa mwezi uliopita zilipasuka ndani ya siku mbili, na kwamba muuzaji wake hapokei simu. Mhasibu msaidizi ndiye atakayekwambia ankara zinaingizwa siku gani, na kwamba hati ya kupokelea mzigo isiyo na sahihi mbili hairuhusiwi kupita. Muulize pia kuhusu kodi ya zuio, asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, maana wako wengi wanaopanga bei bila kuikumbuka, kisha fedha inaingia pungufu na wanadhani wameibiwa. Huyo huyo umwombe cheti cha kodi iliyozuiwa, ili TRA waihesabu kwako mwisho wa mwaka.

Na msitegemee mteja mmoja, awe mkubwa namna gani. Kahama wanalijua hili vizuri: mgodi wa Buzwagi ulimaliza uzalishaji mwaka 2021. Aliyekuwa na simu za watu wa Buzwagi tu alibaki na simu zisizo na kazi. Mwenye watu Bulyanhulu, kwenye hospitali, kwenye shule za bweni na kwa wenye mashine za kukoboa mpunga aliendelea kupanga ratiba ya wiki.

Hapa nataka niguse vikoba, kwa upendo, kwa sababu wengi mmeniambia "Dada, mtandao ninao, nina kikoba." Kikoba kinakupa mtaji, kinakuzika ukifiwa, kinakushika mkono. Kukuletea kazi ni jambo jingine. Wenzako wa kikoba wanaishi mtaa wako, wanasikia unachosikia, na pengine nusu yao wanauza unachouza. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyotokana na kuwauliza watu wa Newton, kando ya mji wa Boston, walipataje kazi zao. Kati ya wale waliozipata kupitia mtu, zaidi ya nane kati ya kumi walikuwa wakionana na mtu huyo mara moja moja au kwa nadra tu. Sababu yake inaeleweka hata huku kwetu: mtu wa mbali kidogo anazunguka kwenye watu wengine, na habari anazozileta ni mpya kwako. Uliyesoma naye sekondari na sasa ni muuguzi Chato. Aliyekuwa mpangaji mwenzako, sasa ni msimamizi wa magari Katoro. Wifi yako anayehesabu samaki kiwandani. Watu hawa mnapigiana simu kwenye misiba tu. Wapigie na nyakati nyingine, uwajulie hali, uwaambie kwa maneno mawili unafanya nini siku hizi. Wengi hawajui. Wanakukumbuka kama yule aliyekuwa anauza vitenge.

Ndiyo maana nawasisitizia maonesho. Pale Nyamhongolo, Mwanza, kila mwaka tuna Nane Nane, na Geita kuna maonesho ya teknolojia ya madini kwenye viwanja vya Bombambili. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo hata ile sababu ya kusubiri kivuko haipo tena. Mtu wa Mwanza anakwenda Geita na kurudi siku moja.

Lakini mnakwendaje? Nimewaona wengi wamekaa nyuma ya meza siku nzima wakigawa vipeperushi kwa watoto wa shule. Maonesho yana saa za asubuhi ambapo watu ni wachache na wenye mabanda hawana cha kufanya, na hizo ndizo saa zako. Mwachie mwenzako banda, zunguka. Nenda kwenye banda la kampuni ya upishi, la wauza mashine, la benki, la SIDO, la halmashauri jirani. Usianze na kampuni yako. Uliza kazi yao inakwama wapi: "Vifaa gani vinawachelewesha? Mnaletewa kutoka wapi?" Mtu akianza kulalamika kuhusu muuzaji wake, mwache amalize, na ukiondoka andika aliyoyasema. Kadi ya biashara aliyokupa iandike nyuma mlichozungumza, maana jioni zitakuwa kadi thelathini na hutakumbuka ni nani alisema nini.

Halafu mfuatilie ndani ya siku mbili au tatu. Msitume ule ujumbe mrefu wenye picha kumi na mbili na "tunauza kwa bei poa, karibu sana mteja". Mtumie mtu ujumbe wake yeye. Kwa mfano: "Shikamoo mama. Ni yule mwenye karakana ya kushona ya Buzuruga, tuliongea Jumamosi pale Nyamhongolo. Ulisema ovaroli zenu zinachanika mifukoni. Nimeshona moja yenye mfuko wa mishono miwili, naomba niilete ofisini siku itakayokufaa mjaribu, bila malipo. Kazi njema." Ujumbe huo hauna sifa hata moja, na kila mtu atausoma hadi mwisho. Asipojibu, subiri wiki, mkumbushe mara moja kwa heshima. Asipojibu tena, mwache na umbakize kwenye daftari. Watu hubadilika vyeo na mahitaji.

Wasichana, na hili nalisema nikiwatazama ninyi hasa. Kuna wanaume watakaosikia "natafuta kazi" na kuelewa kitu kingine. Mkutano wa kazi ufanyike ofisini au mahali pa wazi, mchana, na ukiweza nenda na mwenzako wa kazi. Ukiambiwa zabuni itajadiliwa hotelini saa tatu usiku, hiyo si zabuni. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wote, usifute kwa hasira wala kwa aibu, aibu si yako. Namba ya TAKUKURU ni 113 na haina malipo. Na hapa ndipo kuwa na wenzako kwenye biashara kunapokuwa kinga: mwanamke anayejulikana na wenzake ishirini, ambaye wote wanajua leo anakwenda ofisi gani, si rahisi kumbana kwenye kona.

Kuhusu wanaodai rushwa ya asilimia kumi ili wakupe kazi, pigeni hesabu na mtaona. Kazi ya usafi yenye faida ya asilimia 15: ukitoa kumi umebaki na tano, na malipo yakichelewa miezi mitatu riba ya mkopo imemeza hiyo tano. Unakuwa umefanya kazi bure na umejiweka mikononi mwa mtu anayeweza kukutisha wakati wowote. Kisha usafi wenyewe unafanywa kwa sabuni ya maji matupu, kwenye wodi ambayo huenda mama yako atalazwa. Kataeni, na mkikataa msikae kimya peke yenu.

Vyama je? Mnaniuliza kama mjiunge na chemba ya wafanyabiashara, TCCIA, na chama cha wafanyabiashara wanawake, TWCC, au na umoja wa wazabuni wa wilaya. Jiungeni na kimoja ambacho mtahudhuria vikao vyake, kuliko vitatu mnavyolipia ada tu. Na ukiingia, chukua kazi. Omba uandike muhtasari, au upange mafunzo. Mwandika muhtasari anampigia kila mwanachama simu kuhakikisha jina na shughuli yake, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayemjua kila mtu mjini kama yeye. Nimeliona hilo likiwafungulia watu njia kuliko hotuba yoyote. Makundi ya WhatsApp ya zabuni nayo yana faida, ila chunguzeni: kundi linalotaka ada ili likupe tangazo ambalo lipo wazi kwenye NeST linakuuzia kilicho cha kwako tayari.

Na mtandao nao unahitaji kulishwa. Anayechukua tu, watu humchoka. Ukiona tangazo la kazi usiyoifanya, mtumie anayeifanya. Mwenzako akipata kazi mpongeze, hata kama nawe uliiomba. Muulize kwa upole walimpenda kwa lipi, wengi husema. Lakini unapolitaja jina la mtu kwa mteja wako, litaje la mtu ambaye kazi yake umeiona, awe ndugu au asiwe. Hili ni gumu kwetu, najua. Binamu anayechelewa, ukimpeleka kwa mteja wako, atakuchelewesha wewe. Mpe kazi kwako kwanza, ndani ya karakana yako, ajifunze muda huko.

Zaidi ya yote, lipeni watu wenu. Fundi uliyemkopa siku tano, mama ntilie aliyewalisha vibarua wako, mwenye kirikuu aliyebeba mzigo. Hawa ndio wanaoongea juu yako mjini, tena kwa sauti. Serikali ikichelewa kukulipa, waite, waambie ukweli, wape hata sehemu. Benki nyingi zina mkopo unaotolewa kwa kushika hati ya oda. Nenda ukaongee na ofisa wa mikopo kabla ya kupata oda yoyote, umuulize anataka nini, ili siku ikipatikana usianze kutafuta picha za pasipoti.

Kazi ikiisha, wiki hiyo hiyo omba barua ya kuthibitisha kazi. Iwe na muhuri, namba ya mkataba au oda, thamani, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na neno moja kuhusu ubora. Usingoje, kwa sababu wasimamizi huhamishwa, na mgeni hawezi kuandika kuhusu kazi asiyoiona. Anayehamishwa muage vizuri na umuulize anakwenda wapi. Mhandisi aliyekuwa Isaka mwaka huu, mwakani anaweza kuwa Tanga, kule Chongoleani kwenye bomba la mafuta ghafi, akiwa na wafanyakazi wapya na hajui fundi hata mmoja wa mji ule. Mpigie baada ya mwezi, umjulie hali, kisha umuulize watu wake wanavaa nini kazini.